Herufi Mbili Pembeni mwa Kioo

Jumatatu, 2 Juni. Kasulu.

Vioo sita vya madirisha ya shule, Nyakitonto. Milimita nne. Vitano vimekatika vizuri. Cha sita nimekiharibu mwenyewe, nilirudia mstari. Almasi ya kukatia kioo hupita mara moja tu. Nalijua hilo miaka kumi na tisa na bado nalisahau nikiwa na haraka.

Haraka ni ya Anjelina. Amepiga simu kutoka Kibondo kabla hajaingia darasani. "Dawati, umefika wapi?" Tunaitana Dawati tangu kidato cha kwanza kwa sababu tulikalia dawati moja miaka minne. Yeye alienda kidato cha tano, akawa mwalimu. Mimi pia nilichaguliwa, na fizikia nilimpita. Lakini wazazi wangu walivuka kutoka Burundi, na karatasi zetu za uraia zilikuwa bado. Zilipofika nilikuwa nimeshashika almasi.

Naandika ili mambo yakae sawa kichwani. Maonyesho ya sayansi ni Jumamosi, tarehe 12 Julai, Kibondo. Kazi itakayoshinda inampeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya wiki sita ya kutengeneza vifaa vya maabara. Nafasi ni moja. Tangazo linasema "mtengenezaji". Halisemi mwalimu, halisemi cheti. Anjelina ameahidi kadi itakuwa na majina mawili, tutasimama wote, na tukishinda nafasi ni yangu, kwa kuwa yeye kazi anayo.

Naitaka nafasi hiyo. Sijamwambia mtu kiasi gani.

Mada ni yake. Alipewa kijitabu cha Kiingereza kwenye semina: namna ya kutawala mwanga kwa mwanga, kwa atomu moja iliyowekwa kati ya vioo viwili. Alisema hakuvuka ukurasa wa pili. Alipofika kwenye neno vioo akanikumbuka mimi.

Alhamisi, 5 Juni.

Jaribio la kwanza. Nimefunga mlango wa duka mchana, nikapiga vumbi la chokaa hewani. Tochi ya leza nyekundu kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia. Mistari miwili ikakatana katikati ya duka. Nikazima mmoja, nikawasha. Mwingine haukutikisika. Nimerudia mara kumi na mbili.

Salumu, kinyozi wa mlango wa pili, akachungulia. "Fundi, unafukiza majini? Kwetu Tanga tunatumia ubani, siyo chokaa ya ukutani." Akakohoa, akakaa, akataka kujua. Nikamwonyesha. Maji yakikutana na maji yanavurugana. Watu wakikutana njiani wanapishana. Mwanga ukikutana na mwanga hupita kama vile mwenzake hayupo. Ndiyo maana mwanga hauwezi kuamuru mwanga. Lazima pawe na mtu wa kati.

"Mshenga," akasema Salumu.

Nimeliandika neno hilo daftarini. Ni zuri kuliko la kijitabu.

Jumapili, 8 Juni.

Baada ya misa nimesoma kurasa nne kwa kamusi. Saa tatu nzima. Nimepata hiki.

Mshenga ni atomu. Moja tu. Lakini atomu ni ndogo mno, na mwanga ukipita mara moja karibu kila mara unaikosa. Ndiyo kazi ya vioo. Vinatazamana, mwanga unakwenda na kurudi maelfu ya mara, unapita mbele ya atomu ile ile kila safari. Mwishowe mwanga na atomu haviwezi tena kutojuana.

Hilo nimelielewa kwa mila ya hapa. Ukipita mara moja mbele ya boma la mtu mzima, huenda asikuone. Ukipita asubuhi nzima, atakuita. Na akikuita husemi tu hujambo ukaendelea. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unasalimu mwakeye, habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Umesimama njiani. Wa nyuma yako naye hapiti.

Sasa tia mwanga wa pili, wenye rangi tofauti. Huo unampa mzee shughuli nyingine, anageuka, hawaoni tena wapita njia. Njia inafunguka. Mwanga mmoja umeamua kama mwingine upite au usipite.

Nimeliandika vizuri kwa kalamu ya bluu. Nimefurahi peke yangu kama mwendawazimu.

Jumamosi, 14 Juni.

Anjelina amekuja na basi la asubuhi. Amekaa hadi saa tisa. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Nimemwonyesha kazi. Fremu ya mninga, urefu wa mkono. Vioo viwili vya ile aina ya madirisha ya ofisi, yenye fedha nyepesi, nusu ya mwanga vinarudisha, nusu vinapitisha. Vinatazamana. Leza ukiiingiza kwa kuinamisha kidogo, unaona safu ya nukta nyekundu, moja, mbili, tano, tisa, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Hizo ni safari za mwanga kati ya vioo. Amepiga kelele akiziona. Salumu na mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa, wakaja mbio.

Atomu haiwezekani kuionyesha. Sehemu hiyo tutaieleza kwa watu. Salumu amekuwa mzee, Anjelina mwanga. Amepita mbele yake kwenda na kurudi, akainama, akapiga makofi. Salumu: "Binti, mbona unapita sana hapa? Mahari ipo tayari?" Tumecheka mpaka machozi.

Anjelina akaniuliza zile herufi ni za nini. Kila kioo ninachokikata nakitia Y.N. kwa ncha ya almasi kwenye pembe inayoingia ndani ya fremu. Herufi ndogo, hakuna anayeziona. Alinifundisha bwana aliyenifundisha kazi: kioo kikirudi kimevunjika, fundi ajue kama ni chake. Anjelina amepitisha kidole juu yake. "Yustina wangu na mambo yako," akasema.

Chakula tumekula ugali wa muhogo na maharage. Amesema bado hajala maharage kama ya mama yangu. Shuleni alikuwa akija kwetu Heru Juu kila likizo fupi, kwao kulikuwa mbali.

Jumanne, 24 Juni.

Kazi imekwenda Kibondo. Nimeifunga kwa blanketi, nikaisimamisha ndani ya sanduku lenye majani makavu. Kioo kinasafiri kikiwa kimesimama. Kukilaza ni kukiua. Nimemwambia kondakta mara tatu. Amenijibu, "Mama, hata mke wangu sijamtunza hivi."

Ndani nimetia na daftari langu safi, kurasa kumi na moja. Anjelina alisema anataka kulipitia kabla ya kutengeneza kadi. Limebaki kwangu lile la rasimu.

Nimefika kwenye basi na kurudi dukani. Duka limekuwa kubwa ghafla.

Jumapili, 29 Juni.

Nimekosea. Kosa kubwa.

Nimegundua kwa chupa za soda. Ukipuliza mdomoni mwa chupa tupu inatoa sauti yake. Tia maji kidogo, sauti inahama. Upulize vile vile, chupa ile ile, lakini sauti ya kwanza haipo tena. Nilikuwa natafuta maana ya neno moja la ukurasa wa saba wa kijitabu, nikakumbuka chupa, nikaenda kuzichukua jikoni.

Chumba cha vioo viwili nacho kina sauti yake, yaani rangi ya mwanga inayokifaa. Rangi hiyo ikija, inaingia na kutokea upande wa pili. Atomu ikiwa macho humo ndani, ni kama maji kwenye chupa. Inahamisha sauti ya chumba. Mwanga unaokuja haukifai tena, kwa hiyo unarudishwa pale pale kwenye kioo cha kwanza. Karibu wote hauingii. Mwanga wa pili ukiitoa atomu katika hali hiyo, chumba kinarudia sauti yake na njia inafunguka.

Mimi nimeandika kwamba mwanga unaingia na kukwama ndani kwa mzee. Najua kwa nini. Kwetu mtu harudishwi mlangoni. Hata uwe na ugomvi naye, anaingia, anakaa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Sikuweza kuwaza mlango unaomrudisha mgeni kabla hajasalimiwa. Nimeisoma fizikia kwa adabu za nyumbani.

Nimemwandikia Anjelina ujumbe mrefu. Ukurasa wa sita na wa saba wa daftari langu zibadilishwe. Nimempa na jaribio la chupa.

Alhamisi, 3 Julai.

Ujumbe umesomwa Jumapili. Hajajibu. Nimepiga mara nne tangu hapo. Shule zimefungwa, kwa hiyo hayuko darasani.

Saa kumi jioni umekuja ujumbe mfupi. "Dawati pole, mwaka huu wamesema wasio walimu hawaruhusiwi kusimama kwenye meza. Usisafiri, utajichosha bure. Nitakuwakilisha."

Nimeusoma nikiwa nimeshika kioo. Nimekiweka chini kwanza.

Kuhusu kosa la ukurasa wa sita hakusema neno.

Jumatatu, 7 Julai.

Sikukuu. Nimefungua duka hata hivyo. Nimenyoosha meza, nimenoa hiki na kile. Gauni nililoshonesha kwa ajili ya tarehe 12 lilikuwa tayari kwa fundi cherehani. Nimelichukua. Nimelitundika.

Huenda ni kweli. Kanuni hubadilika. Naandika hivi na siamini.

Jumamosi, 12 Julai.

Siku yenyewe. Nimebandika puti ya kushikia vioo kwenye madirisha mawili, nimekata kioo cha kabati. Saa nne nikawaza sasa wanapita mezani. Saa sita nikawaza sasa anaeleza. Je, anasema mwanga unaingia au unarudishwa?

Hakupiga.

Jumatatu, 14 Julai.

Mteja wa Salumu ni mwalimu, alikuwepo Kibondo. Salumu akaniita kwa sauti ambayo si yake. "Fundi, njoo uone, lakini kaa kwanza."

Picha kwenye simu. Fremu yangu mezani, nukta zangu nyekundu. Nyuma yake kadi kubwa nyeupe: KUTAWALA MWANGA KWA MWANGA. Chini, "Imebuniwa na kutengenezwa na Mwalimu Anjelina", na jina la baba yake. Basi. Hakuna jina jingine. Anatabasamu, ameshika cheti.

Ameshinda. Anakwenda mafunzo tarehe 4 Agosti.

Mwalimu yule hakujua. Alikuwa akisifu. "Alieleza kwa mfano wa salamu, mzee na wapita njia, ukumbi mzima ukapiga makofi kama tunavyosalimiana. Sijaona mtu akiieleza atomu hivyo."

Nimesema ni mfano mzuri. Nimerudi dukani. Sikukata chochote mpaka jioni. Kukata kioo ukiwa hivi ni kutafuta damu.

Jumatano, 16 Julai.

Nimeipigia simu namba iliyo kwenye tangazo. Amepokea dada mmoja, mpole.

Nimeuliza kama kweli wasio walimu walikatazwa. Amesema hapana, mafundi walikuwepo, hata seremala alisimama na kazi yake tangu asubuhi.

Nimemweleza. Nikamtajia ujumbe wangu wa tarehe 29. Amesema ujumbe kila mtu anaweza kuandika, anaamini lakini lazima apeleke kitu kwa wakubwa. "Kwenye kazi yenyewe, dada yangu, una alama yoyote?"

Ipo. Vioo vyote viwili, pembe ya chini kushoto, ndani ya fremu. Y.N.

Amefurahi kuliko mimi. Amesema nimpelekee picha kabla ya tarehe 25 na watalitazama suala hilo upya.

Lakini kazi iko Kibondo, kwa Anjelina. Salumu anataka twende naye kesho, tumtoe nje mbele ya majirani. Nimekataa. Bado kuna sehemu yangu inayosema labda alisahau, labda kadi iliandikwa na mtu mwingine, labda ataona aibu na kupiga mwenyewe. Miaka minne dawati moja. Siku majina ya kidato cha tano yalipobandikwa, na nikaambiwa langu litasubiri karatasi, alilia kwa sauti kuliko mimi. Nililazimika kumbembeleza yeye.

Jumatatu, 21 Julai.

Kazi imekuja yenyewe. Sikuitafuta.

Kondakta kashusha sanduku saa tano. Ndani fremu, blanketi langu, na karatasi ya Anjelina: "Dawati, kioo kimoja kimepasuka. Nikatie kingine kabla sijaenda mafunzo. Pia jaji mmoja aliniuliza mwanga unakwama ndani au unarudishwa nje, nikasema nitamletea jibu huko huko mafunzoni. Niandikie kidogo. Nakuja Alhamisi." Hakuandika pole. Hakuandika nimeshinda.

Nimefunga mlango. Nimetoa misumari midogo ya fremu, moja moja, nikaiweka kwenye kifuniko cha chupa.

Kioo kizima kwanza. Pembe ya chini kushoto. Hakuna herufi. Kuna ukungu mweupe, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Umesuguliwa kwa msasa.

Nimekipeleka dirishani. Nimekigeuza. Nimekifuta kwa mafuta ya taa, labda ni gundi. Si gundi.

Kioo cha pili kiko vipande vitano, amevifunga kwenye gazeti. Nimevipanga mezani kama nilivyopanga vingine vingi. Mpasuko unaeleza ulikoanzia, ukijua kusoma. Mistari yote minne imeanzia mahali pamoja: pembe ya chini kushoto, kwenye ukungu ule ule. Kioo hupasukia pale kilipoumizwa ukingoni. Alipofuta jina langu alikivunja, hakujua tu mpaka siku kilipopata joto au mtikisiko.

Herufi mbili zilizochorwa kwa almasi hazitoki kwa bahati mbaya. Hazitoki kwa kitambaa. Zinataka msasa, maji, na mtu aliyekaa chini. Nusu saa kwa kioo kimoja. Viwili, saa nzima. Alizijua kwa sababu nilimwonyesha. Alizipitishia kidole mbele yangu, akaniita Yustina wangu.

Kwa hiyo hakusahau. Nimemaliza kujidanganya.

Nimechukia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Nimechukia mpaka meno yakauma.

Jumanne, 22 Julai.

Nimempigia yule dada wa maonyesho, nikamweleza herufi zimefutwa. Amesema picha ya mahali palipofutwa si picha ya jina. Amesema pole mara mbili. Namwamini.

Nafasi imekwenda. Nimeandika sentensi hiyo ili niione.

Salumu: "Basi huyo jaji mpe jibu la uongo. Mwambie mwanga unakaa ndani unakunywa chai. Akaaibike mbele za watu." Nimelifikiria. Nimelifikiria kwa utamu, tangu saa nne hadi saa nane mchana. Asingejua. Kuliangalia kwenye kijitabu hawezi, na mwingine wa kumuuliza hana.

Jumatano, 23 Julai.

Nimeandika jibu. Ukurasa mmoja, kalamu ya bluu. Mwanga unarudishwa, na kwa nini, na jaribio la chupa mbili. Nimelisahihisha mara mbili.

Si kwa ajili yake. Kidato chake cha tatu watafundishwa hivi mwezi wa tisa. Watoto wale hawajanifanya kitu. Na kosa la ukurasa wa sita ni langu, siwezi kuliacha litembee Kibondo eti kwa sababu limevaa jina la mtu mwingine.

Kioo kipya sikukata.

Alhamisi, 24 Julai.

Alikuja saa tano na nusu. Nilimwona tangu kwenye kona ya wauza viazi. Amesuka upya.

Nilisimama mlangoni. Akafika, akainama, akaanza kupiga makofi kama tunavyofanya siku zote, kwa mchezo, "Mwakeye, Dawati." Sikupiga. Mikono yangu ilibaki chini. Yake iliendelea kidogo, makofi mawili, matatu, kisha ikaacha.

Nikamwonyesha kioo, pembe ile, juani. Hakuuliza ni nini.

Alisema mengi. Naandika ninayoyakumbuka. Kwamba mkuu wake wa shule humwita mwalimu wa hesabu aliyeazimwa fizikia, kila kikao. Kwamba mimi nina duka, nina kazi ya mikono, watu wananiita fundi. "Mimi nina nini, Yustina? Chaki?" Hilo nililisikia. Nilikaribia kulainika.

Kisha akasema hili. "Na niliogopa wangeanza kukuuliza wewe ni wa wapi. Ungejisikiaje mbele ya watu wote? Nilikuwa nakulinda."

Kitambulisho changu cha uraia kiko kwenye droo, futi mbili kutoka hapo. Anakijua. Alikuwepo mama alipokileta kanisani kushukuru, alikula ng'ombe wetu siku hiyo. Katika watu wote wa Kasulu na Kibondo, huyu ndiye anayejua ile karatasi ilinigharimu nini, na hiyo ndiyo aliyochukua kujifunikia.

Kadi iliniumiza. Msasa uliniumiza zaidi. Hili limekata kabisa, na sioni haja ya kurudia mstari.

Nikampa fremu tupu na ukurasa wa jibu. Akausoma pale pale, midomo ikitembea, kama zamani kabla ya mtihani. "Kumbe hauingii," akasema. Akaukunja, akautia kwenye pochi. "Na kioo?"

"Hiki ni changu. Kingine kitafute kwa fundi mwingine."

Akatazama ndani ya duka, kwenye kiti anachokalia akija. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Viatu vilikuwa na vumbi. Alisubiri nisogee.

Sikusogea. Hata maji sikumpa.

Aliondoka kwa bodaboda, fremu mapajani. Kwetu mtu harudishwi mlangoni. Nimemrudisha. Sijisikii vizuri, na kama angerudi sasa hivi ningefanya vile vile.

Salumu alikuwa amezima mashine ya kunyolea muda wote ule. Ameiwasha alipoona nimekaa.

Jumatatu, 4 Agosti.

Vioo vinne, Heru Juu, madirisha ya kanisa. Upepo mwingi. Mafunzo yanaanza leo.

Jumapili, 17 Agosti. Heru Juu.

Kwa mama. Maharage yameanikwa uwanja mzima, tumekaa kuyachambua.

Nimempelekea kioo. Ni kile kilichobaki. Nimekata pembe yenye ukungu, na ili kikae sawa nimepunguza na upande, sentimita mbili. Almasi imepita mara moja. Nyuma nimebandika karatasi nyeusi, kwa hiyo sasa kinarudisha sura vizuri. Nimekitundika ukutani, kimo chake.

Herufi nimeziandika upya. Pale pale chini kushoto. Hakina fremu, kwa hiyo zinaonekana.

Mama amejitazama, amefunga kitambaa upya. Kisha akauliza, "Mwana wanje, yule mwenzako mla maharage yuko wapi? Tangu mwaka jana simwoni."

Nimesema yuko mafunzoni.

Ameondoa kikapu kimoja cha maharage, amekiweka pembeni karibu na mlango. "Akirudi umpelekee."

Tumeendelea kuchambua. Jua likafika kwenye kioo, likatupa kipande cha mwanga ukutani ng'ambo, juu ya mtungi. Kilitembea polepole. Tulipomaliza kilikuwa kimefika dirishani.